Dodoso lipi la majonzi sugu ulithibitishe kwa Kiswahili? Manne bega kwa bega

Wanafunzi wa uzamili wa saikolojia, na siku hizi hata wahudumu wa tiba shufaa, huuliza swali hili mara kwa mara: nataka kupima majonzi ya wafiwa kwa Kiswahili, nichukue dodoso lipi? Anayeuliza kwa kawaida amekwisha kupakua mafaili matatu au manne. Yote ni ya Kiingereza, kila moja lina makala ya kulisifia, na kila moja lina alfa ya Cronbach inayopendeza, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana yenyewe kwa yenyewe. Hapo ndipo anapokwama, maana alfa haimsaidii mtu kuchagua. Uliza jambo moja kwa maneno kumi tofauti, utapata alfa kubwa hata kama jambo lenyewe si lile ulilokusudia.

Ninayoyalinganisha hapa ni madodoso manne ya kujijazia, yote ya watu wazima: ICG (Inventory of Complicated Grief), PG-13-R (Prolonged Grief-13-Revised), TGI-SR+ (Traumatic Grief Inventory-Self Report Plus) na IPGDS (International Prolonged Grief Disorder Scale). Kulithibitisha dodoso ni kupima kama kwa Kiswahili kweli linapima kile linachodai kupima. Wakenya watasema hojaji, mimi nitabaki na dodoso. Ugonjwa wenyewe, ambao kwa Kiingereza ni prolonged grief disorder, nitauita majonzi sugu.

Kwanza, tunapima nini

Majonzi sugu yaliingia katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2022. Machi 2022 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani nacho kikayaweka katika mwongozo wake, DSM-5-TR. Kiini ni kimoja: hamu kali ya marehemu, au mawazo juu yake yasiyokatika, pamoja na uchungu unaomzuia mtu kuendesha maisha. Tofauti ziko kwenye masharti. ICD-11 inataka zaidi ya miezi 6 tangu kifo, inataja mifano ya dalili, haiweki idadi. DSM-5-TR inataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto, na angalau dalili 3 kati ya 8, karibu kila siku kwa mwezi uliopita. Kwa hiyo mtu yuleyule, kwa majibu yaleyale, anaweza kuhesabiwa mgonjwa upande mmoja na asihesabiwe upande wa pili.

Kuna sharti moja ambalo yote mawili yanalo, na ndilo linalotuhusu zaidi huku kwetu: majonzi yawe yamevuka wazi kile ambacho jamii, mila au dini ya mfiwa inakitarajia.

Vigezo nilivyotumia kulinganisha

Cha kwanza ni chimbuko la dodoso na vigezo vya uchunguzi linavyofuata, maana kamati ya tasnifu itakuuliza.

Cha pili ni jinsi maswali yatakavyosikika kwa mfiwa wa hapa. Hiki ndicho kigezo kinachorukwa na wengi, na ndicho kinachoangusha kazi nyingi. Chukua mjane Mwislamu wa Tanga au Mombasa. Yuko kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, harudi kwenye biashara yake. Ukimuuliza kama anapata shida kurudi kwenye shughuli za kawaida, atakujibu ndiyo, na kinachomzuia ni sheria ya dini. Sharti la miezi 6 litamwokoa mjane huyu, kwa sababu eda yake itakuwa imekwisha. Lakini mjane mwenye mimba eda yake humalizika anapojifungua, na kama mume alifariki mimba ikiwa changa, eda inaweza kupita mwezi wa sita. Ukitumia ICD-11 utakutana naye. Ukitumia miezi 12 hutakutana naye kabisa.

Cha tatu ni mzigo: urefu wa dodoso, muda wa mfiwa, na ukubwa wa sampuli. Mwongozo wa COSMIN, ambao watafiti wengi huutumia kupimia ubora wa tafiti za aina hii, unaona sampuli ya uchanganuzi wa fakta (hesabu ya kuona maswali yapi yanakwenda pamoja) imetosha vizuri ikiwa ni mara 7 ya idadi ya maswali na haipungui watu 100. Hesabu hiyo nimeifanya kwa kila dodoso pale idadi ya maswali inapojulikana wazi.

Cha nne ni mizani ya majibu, yaani yale maneno ya kuanzia "hapana kabisa" hadi "kupita kiasi". Linaonekana jambo dogo, lakini nusu ya malalamiko ya wahojiwa hutoka hapo.

ICG

*Chimbuko.* Ndilo dodoso kongwe kati ya haya. Holly Prigerson na wenzake walilichapisha mwaka 1995 baada ya kulijaribu kwa wazee 97 waliofiwa na wenzi wao huko Marekani. Lina sentensi 19, kila moja inajibiwa kuanzia 0 hadi 4, jumla 0 hadi 76. Waandishi wake waliona waliopata zaidi ya 25 wana hali mbaya zaidi ya maisha. Baadaye majaribio makubwa ya tiba ya Katherine Shear yalitumia 30 kama kizingiti cha kuingiza wagonjwa. Utakuta makala mbili zinatumia dodoso moja na vizingiti viwili tofauti, na zote ziko sahihi kwa makusudi yake.

*Vigezo vya uchunguzi.* Halifuati ICD-11 wala DSM-5-TR, maana lilitangulia yote mawili kwa zaidi ya miaka 20. Halina pia sharti la muda ndani yake. Ukitaka kusema fulani ana ugonjwa kwa mujibu wa vigezo vya leo, ICG peke yake haikupi ruhusa hiyo. Linachokupa ni kipimo cha uzito wa majonzi, na kumbukumbu ndefu ya tafiti za kujilinganisha nazo.

*Maswali yanavyosikika huku.* Hapa nakaa kidogo. ICG ina sentensi moja juu ya kusikia sauti ya marehemu akizungumza nawe, nyingine juu ya kumwona marehemu amesimama mbele yako, na nyingine juu ya kuhisi maumivu mahali palepale alipoumwa marehemu. Katika mantiki ya waliolitunga, hizi ni dalili za majonzi yaliyokwenda mrama. Sasa mpe dodoso hilo bibi wa kijijini aliyefiwa na mwanawe. Atakwambia: ndiyo, alikuja juzi alfajiri, akasimama mlangoni, akauliza habari za shamba. Majirani hawatashtuka. Pengine watauliza kama alionekana mwenye amani, au kama anadai sadaka au hitma. Bibi huyo amejikusanyia alama kwenye jambo ambalo katika jamii yake ni faraja, au angalau ni habari ya kawaida. Usipotenganisha ndoto, maono na jinamizi linalomtesa, swali litapima imani yake na kuiita ugonjwa.

Je, uyafute? Hapana, ukiyafuta si ICG tena na alama zako hazilinganishwi na za wengine. Njia ninayoipendelea ni kuyaacha, kisha kumuuliza kila aliyesema "mara nyingi" swali dogo la pembeni: lilipotokea ulijisikiaje? Kwenye uchambuzi utaona kama maswali hayo yanakwenda pamoja na mengine au yamejitenga kivyake. Yakijitenga, hilo ni tokeo la kuchapishwa.

*Mzigo.* Maswali 19 mara 7 ni watu 133. Mizani ni ya marudio (kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, daima), na watu huielewa kwa urahisi kuliko mizani ya ukali.

*Linamfaa nani.* Mtafiti anayetaka kujilinganisha na tafiti za miaka mingi, au anayepima mabadiliko kabla na baada ya ushauri nasaha. Na yule ambaye hasa anataka kuchunguza uhusiano wa walio hai na wafu katika jamii yake: sentensi hizo tatu zitampa data ya kuanzia.

PG-13-R

*Chimbuko.* Mwandishi mkuu ni yuleyule Prigerson, mwaka 2021, kwa data za Yale, Utrecht na Oxford. Ni marekebisho ya PG-13 ya zamani, na hapa naomba uangalifu: mtandaoni PG-13 ya zamani bado imejaa, na tofauti ya majina ni herufi moja. Swali la kwanza linauliza kama umefiwa, la pili ni miezi mingapi, kisha dalili 10 zinazojibiwa 1 hadi 5, na mwisho swali moja la ndiyo au hapana kuhusu kuharibika kwa shughuli. Alama za dalili ni 10 hadi 50, kizingiti ni 30.

*Vigezo vya uchunguzi.* Ni DSM-5-TR tupu. Dalili 10 ni zilezile za mwongozo: mbili za kiini na nane zinazofuata. Kwa anayetaka usafi wa hoja, hili halina mpinzani. Udhaifu wake umo humohumo: kisichokuwamo katika DSM-5-TR hakimo. Hatia na lawama, ambazo ICD-11 inazitaja kati ya dalili, hutazipata. Na katika misiba yetu, ambako kila kifo cha kijana huzua swali la nani amehusika, lawama si jambo la pembeni.

*Maswali yanavyosikika huku.* Machache, mafupi, na mengi yanatafsirika vizuri. Swali la hamu ya marehemu linahitaji tahadhari: ukiandika "kumtamani", mjane ataona haya na mkwe wake aliyeketi karibu atakohoa. "Hamu kubwa ya kuwa naye" hupita bila shida. Swali gumu ni lile la kupotelewa na nafsi, kuhisi kama sehemu yako imekufa. Wengine watalichukua kama kauli ya mwili, hasa wenye maradhi, na wengine watasikia harufu ya uchawi. Ganzi ya hisia nayo hupelekwa kwenye vidole na miguu, hasa kwa mwenye kisukari, mpaka uandike "moyo umekufa ganzi".

*Mzigo.* Dalili 10 mara 7 ni 70, kwa hiyo unashika kiwango cha chini cha watu 100. Mfiwa anamaliza kabla chai haijapoa. Mizani ndiyo itakayokusumbua: ni ya ukali, ngazi tano, na mtu aliyeumia akiulizwa kama ni "kidogo", "kiasi" au "sana" hujibu "sana tu" kwa kila swali. Wape ngazi kwa picha, kwa mfano vikombe vitano vilivyojazwa viwango tofauti, na uwajaribu mapema.

*Linamfaa nani.* Kliniki yenye foleni, tasnifu yenye muda mfupi, na utafiti wa jamii ambamo majonzi ni kipimo kimoja kati ya vingi. Kituo cha utafiti wa huduma za mwisho wa maisha cha Weill Cornell, New York, ndicho nyumbani kwake. Waandikie kabla ya kutafsiri, upate baraka yao na ujue kama kuna mwingine aliyekutangulia.

TGI-SR+

*Chimbuko.* Limetoka Uholanzi. Mwaka 2017 Paul Boelen na Geert Smid walitoa TGI-SR yenye maswali 18. Mwaka 2022 Lonneke Lenferink na wenzake, Boelen na Smid wakiwamo, wakaongeza manne ikawa 22. Kila swali linajibiwa 1 hadi 5 kwa marudio, jumla 22 hadi 110, na kizingiti walichopendekeza ni 71.

*Vigezo vya uchunguzi.* Hapa ndipo lilipo na nguvu. Limejengwa ili kwa kikao kimoja upate ICD-11, DSM-5-TR, na pia vigezo vya DSM-5 ya kabla yake. Unaamua baadaye dalili zipi uzihesabu, na dalili inahesabiwa ipo mtu anapojibu 4 au 5. Kwa nchi zetu hili si anasa. Hospitali zinaripoti kwa mfumo wa Shirika la Afya Duniani, wakati vyuo vingi na majarida mengi yanafikiri kwa DSM. Lina pia ndugu yake wa usaili, TGI-CA, unaofanywa na mtaalamu, kwa hiyo kifananisho cha dodoso, yaani kitu cha kulinganishia alama zake, kipo tayari.

*Maswali yanavyosikika huku.* Jina lake lina neno la kiwewe, na limetumika sana kwa waliofiwa kwa vifo vya ghafla na vya kikatili. Kwa familia zilizofiwa kwa ajali za barabarani, kuzama kwa vyombo au mauaji, hilo linafaa. Kwa mtoto aliyemuuguza mama mwenye saratani kwa miaka miwili, baadhi ya maswali yatasikika kama ya mtu mwingine. Maswali ya hasira na lawama yamo, na nayaona ni ya lazima, ingawa msaili ajiandae: akigusa hapo, mhojiwa mmoja atafunga mdomo na mwingine atataja jina la jirani.

*Mzigo.* 22 mara 7 ni 154. Ni refu zaidi kati ya matatu ninayoweza kuyahesabu. Maswali mengine yanakaribiana sana kwa sababu vigezo vitatu vimefungwa katika dodoso moja, na mzee atakuuliza kwa hasira, "Si umeshaniuliza hilo?" Mweleze kabla ya kuanza kwamba maswali yatafanana.

*Linamfaa nani.* Timu yenye watu na bajeti, inayotaka dodoso moja litumike hospitalini na chuoni, na inayokusudia kulinganisha vigezo viwili kwa wafiwa wale wale. Pia wanaohudumia waliofiwa kwa maafa.

IPGDS

*Chimbuko.* Ni kazi ya kikundi cha Chuo Kikuu cha Zurich, Clare Killikelly na Andreas Maercker wakiwa mstari wa mbele, iliyochapishwa mwaka 2020 baada ya kujaribiwa kwa wafiwa wanaosema Kijerumani na wa Kichina. Tangu mwanzo lilikusudiwa kuvuka utamaduni mmoja.

*Vigezo vya uchunguzi.* ICD-11. Sehemu kuu inafuata maelezo yake, na sharti la mila linaulizwa waziwazi badala ya kuachiwa mtafiti akisie.

*Maswali yanavyosikika huku.* Lina nyongeza ya kitamaduni juu ya orodha kuu, na mantiki yake ni kwamba kila jamii ijaze nyongeza hiyo kwa namna majonzi yanavyoonekana kwao. Kwa Kiswahili, nyongeza hiyo ingepaswa kutoka kwa wafiwa wenyewe. Nadhani ungepata malalamiko ya mwili: kifua kubana, tumbo kuwaka, kichwa kizito, "mwili hauna nguvu". Ungepata na mambo ya mazishi yenyewe: aliyekosa kuzika, ambaye marehemu wake alizikwa mbali na nyumbani, aliyenyang'anywa nyumba na ndugu wa mume kabla matanga hayajaanuliwa. Mjane aliyefukuzwa kwenye nyumba ana majonzi, ana hasira na ana njaa, na madodoso mengine matatu yatamwona kwa jicho moja tu.

*Mzigo.* Orodha kuu ni nyepesi. Nyongeza ndiyo kazi: mahojiano ya kina, vikundi vya majadiliano, kuchuja, kujaribu. Hesabu ya mara 7 huwezi kuifanya mpaka ujue umebaki na maswali mangapi. Anayetaraji kumaliza kwa muhula mmoja asilishike.

*Linamfaa nani.* Mwanafunzi wa uzamivu, au timu yenye mwanaanthropolojia ndani yake, na yeyote ambaye swali lake la utafiti ni lile sharti la mila lenyewe.

Kuna na fupi kuliko yote, BGQ, yenye maswali 5, iliyotumika New York kwa watu waliohudumiwa baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Ni ya kuchuja tu. Iweke kwenye foleni ya kliniki kumtambua wa kumsaili zaidi, usiijengee tasnifu.

Kazi ambayo hakuna dodoso litakalokuepusha nayo

Uchague lolote, bado utalazimika kujibu swali hili: utajuaje kwamba dodoso linamnasa mwenye majonzi sugu na kumwacha asiye nayo? Unahitaji usaili wa mtaalamu asiyejua alama za dodoso. Hapo hesabu inauma. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona takriban mtu 1 kati ya 10 waliofiwa kwa vifo vya kawaida ana tatizo hili. Kwa hiyo watu wako 150 wa uchanganuzi wa fakta watakupa wagonjwa kama 15. Dodoso likiwanasa 12, utaandika kwa furaha kwamba linanasa asilimia 80, lakini mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo asilimia ya kweli inaweza kuwa, inaanzia 52 hadi 96. Ukiwa na wagonjwa 50 na ukawanasa 40, asilimia ni hiyohiyo 80, ila mipaka inakuwa 66 hadi 90. Ndiyo maana nashauri sehemu hii ya sampuli itafutwe makusudi mahali wafiwa wenye shida walipo: vitengo vya tiba shufaa, kliniki za akili, vikundi vya wajane. Kusubiri bahati mtaani kutakumaliza fedha.

Usikopi vizingiti. 30 ya PG-13-R na 71 ya TGI-SR+ zilipatikana kwa watu wa Marekani na Ulaya, kwa lugha zao. Zianze kama dhana, uzipime upya.

Kifananisho cha pili ni sonona, maana dodoso la majonzi lisilotofautiana na sonona halina kazi. Hapa tuna bahati: PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa, kwa Kiswahili ilithibitishwa Kilifi, matokeo yakatoka mwaka 2020. Tumia hiyo, usitafsiri upya. Kumbuka swali lake la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, kwa hiyo mpango wa rufaa, wenye jina la mtu na namba ya simu, uwe tayari kabla ya mhojiwa wa kwanza.

Kuhusu tafsiri, nina msimamo ambao baadhi ya wasimamizi hawaupendi. Tafsiri ya kurudisha kwenye Kiingereza inapewa heshima kupita kiasi. Mtafsiri wa pili akikutana na Kiswahili kibovu kilichonakili Kiingereza neno kwa neno, atakirudisha Kiingereza safi, na kila mtu atapiga makofi. Muda huo upe mahojiano ya kufikiri kwa sauti: mfiwa anasoma swali, anaeleza kwa maneno yake limemuuliza nini, na kwa nini amejibu hivyo. Ukisikia mtu anasema "hili linauliza kama bado ninaenda makaburini", wakati swali linahusu kukwepa kumbukumbu, umejua palipovunjika. Na usidhani Kiswahili cha Kilifi kitapita Bukavu au Lubumbashi bila kuguswa.

Jambo la mwisho ni nani anashika kalamu. Dodoso la kujijazia likisomwa na msaili, mbele ya shemeji na watoto, limekuwa usaili. Huko Rwanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulitumia PG-13 ya zamani kwa wajane na yatima 400 walionusurika mauaji ya kimbari, kwa mahojiano ya ana kwa ana, na asilimia 8 wakatimiza vigezo, wastani wa miaka 12 baada ya tukio. Namna ile ilifaa pale. Ila aliyethibitisha dodoso kwa wanafunzi wa chuo wanaojaza kwenye simu hawezi kulipeleka kijijini lisomwe kwa sauti na kudai ni lilelile. Ukijua wahojiwa wako watakuwa mchanganyiko, thibitisha namna zote mbili, na uandike kwenye kila fomu ni ipi iliyotumika.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una miezi michache na msimamizi anayetaka DSM: PG-13-R, watu 100 na zaidi, PHQ-9 pembeni, na wahojiwa kama 30 warudiwe baada ya wiki mbili kuona kama majibu yanatulia. Sema wazi kwamba hukupima kizingiti.

Uko hospitalini na ripoti zako zinafuata ICD-11: TGI-SR+ kama una wasaili, orodha kuu ya IPGDS kama huna. Kwa vyovyote, sharti la miezi 6 lihesabiwe kwa tarehe ya kifo. "Muda kidogo umepita" ya mhojiwa haitoshi.

Unapima kama huduma yako ya ushauri inasaidia: ICG au TGI-SR+, kwa sababu maswali mengi yenye mizani ya marudio huonyesha mabadiliko madogo. Dodoso la uchunguzi lenye dalili chache linaweza lisisogee ingawa mtu amepata nafuu.

Wahojiwa wamefiwa na watu kadhaa, kama inavyotokea kwa familia nyingi: dodoso lolote, lakini mwambie mhojiwa achague marehemu mmoja, aandike uhusiano wao juu ya ukurasa, na ajibu kwa huyo tu. Bila hivyo atajibu swali la tatu akimfikiria baba na la saba akimfikiria mtoto.

Walengwa ni watoto: weka yote manne kando. Jaribio kubwa lililofanyika Moshi na Bungoma, likachapishwa mwaka 2020, lilishirikisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, na nusu yao wakahudumiwa na washauri wasio wataalamu waliofunzwa kazi hiyo. Anza kwa kusoma walivyopima wao.

Unafanya kazi na Waswahili wa Muscat, London au Minneapolis: tafsiri ileile inaweza kutumika, ila sharti la mila linahitaji kuulizwa upya. Aliyeshindwa kusafiri kwenda kuzika, akafuatilia mazishi kwa video ya simu, ana swali ambalo dodoso lolote kati ya haya halimuulizi. Kwake ningechukua IPGDS na nyongeza.

Huna mtaalamu wa kusaili wala fedha za sampuli: shika lolote kati ya PG-13-R na TGI-SR+, fanya tafsiri kwa jopo, mahojiano ya kufikiri kwa sauti na jaribio dogo, uishie hapo. Hiyo ni tasnifu halali ya uzamili. Vibali bado vitahitajika, NIMR na COSTECH kwa Tanzania Bara, ZAHRI kwa Zanzibar, kamati ya maadili na NACOSTI kwa Kenya. Kwenye kiambatisho weka kila neno ulilobadilisha na sababu yake, ili atakayekuja na sampuli kubwa aanzie ulipoishia.